Keki Iliyokatwa Mapema

Keki yenyewe ilikuwa ya ghorofa mbili, imepakwa sukari nyeupe, na juu wameandika jina kamili la binti, lile la kwenye cheti ambalo nyumbani hakuna aliyelitumia. Nyumbani na mtaani aliitwa Sumaku, kwa sababu mpira ukielekea golini kwake hunasa mikononi. Shirikisho la soka ndilo lililoinunua. Waliileta kambini Jumatano saa kumi jioni, wakawaita wazazi wake waje wale pamoja. Mama yake, dobi wa hospitali, aliomba ruhusa kazini, akaja na mikono inayonuka dawa ya madoa, akakalishwa mstari wa mbele kama mgeni rasmi.

Mishumaa ilikuwa ishirini na moja. Dobi aliihesabu, akamgusa mumewe ubavuni kwa kiwiko, wakatazamana na kucheka chini chini. Sumaku alikuwa na umri wa aina mbili, wa cheti na wa nyumbani. Cheti kilisema ishirini na moja, nyumbani walijua ni ishirini. Siku na mwezi vilikuwa sawa, mwaka ndio ulikuwa wa kuazima.

"Acha tu," mumewe alinong'ona. "Kwani keki inajua?"

Katibu wa shirikisho, bwana mmoja wa suti ya kijivu mwenye sauti ya kusoma taarifa ya habari, alimlisha Sumaku kipande cha kwanza kwa mkono wake. Mpiga picha akapiga, akaomba warudie, wakarudia. Dobi alilia waziwazi, hana aibu. Miaka mitatu binti yake alikuwa kipa bora wa ligi, na miaka mitatu shirikisho halikumwona. Halafu mwezi uliopita kaka yake dobi akapiga simu kutoka ng'ambo ya mpaka, kwao dobi alikozaliwa, akasema kocha wa timu ya taifa ya huko amemwona Sumaku kwenye mashindano ya vilabu na anamtaka awe kipa wake namba moja, maana kwa mama ana haki. Habari ikatoka gazetini Jumatatu. Alhamisi shirikisho likapiga simu. Ghafla, mwana wa dobi akawa hazina ya taifa.

"Unaona," dobi alimwambia mumewe, akijifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa. "Hata siku yake ya kuzaliwa wanaijua."

Waliijua. Waliijua vizuri mno.

Mechi ilikuwa Jumapili, ya kufuzu mashindano makubwa, na Sumaku alikaa benchi. Baba yake, fundi wa kukata na kufunga vioo, aliazima televisheni ya jirani, akaiweka juu ya meza yake ya kukatia, majirani wakajaa mpaka mlangoni. Timu ilishaongoza mabao manne kwa bila. Dakika ya themanini na nane kipa namba moja akaitwa atoke. Hakuwa ameumia. Alitoka akichechemea kidogo, kama mtu aliyekumbushwa, na Sumaku akaingia akikimbia, akijipiga makofi kwa glavu zake.

Dakika mbili. Aligusa mpira mara moja, ulipotoka nje akaupiga uende mbele. Basi. Lakini nyumba ililipuka kwa vigelegele, na fundi vioo akabebwa juu juu na watu wazima wenzake. Dobi alikaa kwenye kiti chake mikono kichwani, akisema "mwanangu, mwanangu," mpaka mtangazaji akaaga.

Huko ng'ambo, mjomba alikuwa akitazama mechi hiyo hiyo. Hakupiga simu kupongeza. Wakasema labda ana wivu.

*

Orodha ya kambi iliyofuata ilitoka baada ya wiki tano. Sumaku hakuwamo. Ikatoka nyingine, hakuwamo. Alipiga simu kwa meneja wa timu, ikaita mpaka ikakata. Alipopiga kwa namba ya mwenzake, meneja akapokea, akaisikia sauti yake, akasema yuko kikaoni, na nyuma yake mtu akapiga honi ya gari.

"Labda wanampumzisha," fundi vioo alisema.

"Apumzike nini?" dobi akauliza. "Dakika mbili?"

Mwalimu ndiye aliyewafungua macho. Huyu alikuwa akifundisha jiografia asubuhi na kuifundisha klabu ya Sumaku jioni, mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, filimbi haimtoki shingoni. Alikuja Jumamosi na karatasi alizotoa nakala, akazikunjua juu ya meza katikati ya vipande vya vioo, akakataa soda.

"Nimeongea na mjomba wenu," alisema. "Kule wameandika barua kumwomba Sumaku. Wamejibiwa hawawezi kumpata tena. Ameshafungwa."

"Amefungwa na nani?" fundi vioo akauliza.

"Na zile dakika mbili. Mechi za kirafiki hazifungi mtu. Ile ilikuwa ya mashindano. Ukiingia uwanjani, hata kama ni kwa sekunde moja, umekuwa wao."

"Haya, awe wao. Mbona hawamwiti?"

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa fulana. "Baba, hawakumtaka acheze. Walitaka tu asichezee wengine. Mwakani tutakutana na timu ya kule kwenye mashindano, na wao hawana kipa. Sasa hawatakuwa naye."

Sumaku alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, magoti yamemfika kidevuni, akikwangua gundi iliyogandia kwenye kidole cha glavu. Dobi alimtazama binti yake, kisha akatazama ukutani ilipotundikwa picha ya keki, ile ya Katibu akimlisha. Fundi vioo ndiye aliyeitengenezea fremu, kioo kimesuguliwa pembe zote nne. Alinyanyuka akaishusha, akaigeuza uso chini.

"Na hakuna mlango?" aliuliza.

"Upo mmoja. Kama umecheza mechi zisizozidi tatu, na ulikuwa na haki ya upande wa pili tangu mwanzo, na ikapita miaka mitatu tangu mechi ya mwisho, na siku ya mechi hiyo ulikuwa hujatimiza miaka ishirini na moja. Lakini Sumaku alitimiza Jumatano, wakamwingiza Jumapili." Mwalimu alikunja karatasi zake. "Walimsubiri. Mnakumbuka mechi ya Jumapili ya kabla? Ilikuwa ya mashindano vilevile, na alikuwa benchi vilevile. Hawakumwingiza. Mimi mwenyewe nilishangilia ile keki kama mwendawazimu."

Hapo fundi vioo akaanza kuchunguza vidole vyake vya miguu. Sumaku akainua kichwa. Hiyo habari ya kusubiri miaka mitatu, hakuna aliyeisikia siku ile. Walichosikia ni umri.

"Mwalimu," dobi alisema polepole. "Huyu alikuwa na ishirini."

*

Watu huiba umri, lakini huiba kwa kupunguza. Ukimwambia mtu wa mpira kwamba umeongeza, atakucheka mpaka atokwe machozi. Ndivyo walivyokuwa wamefanya hawa. Dobi alipopata kazi ya kufua hospitalini, Sumaku alikuwa na miaka mitano na hapakuwa na wa kumwachia. Shule ya karibu ilipokea watoto wa miaka sita tu, tena wenye cheti. Cheti hakikuwepo. Baba yake akaenda kukikata, karani akauliza mwaka, naye akataja mwaka uliowafaa. Jumatatu mtoto akawa darasani, mama akawa kazini. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo, na ulilisha nyumba.

Dobi hakupiga kelele. Hospitalini walimfundisha siku ya kwanza kabisa kwamba shuka lenye damu huanziwa maji baridi, ukilikimbilia na maji ya moto umelitia doa la kudumu. Basi Jumatatu wakati wa mapumziko, badala ya kula, alipanda ngazi hadi chumba cha kumbukumbu. Karani wa pale alikuwa mzee wa kukohoa, ambaye dobi humpigia pasi mashati yake bila kumwomba chochote. Alimtolea madaftari ya wodi ya wazazi, ya miaka mingi nyuma, na kitambaa cha kuyafutia vumbi.

Alijikuta mwenyewe kwenye ukurasa uliolowa maji pembeni. Jina lake, saa kumi na moja alfajiri, mtoto wa kike, kilo mbili na nusu, mama na mtoto salama. Na kando ya jina lake, kwa kalamu nyekundu, neno moja: MGENI.

Aliikumbuka kalamu ile. Mkunga aliitoa mfukoni, akaandika huku dobi akiwa bado miguu juu, akamwambia wageni hulipa mara mbili. Kila karatasi tangu siku ile ilibeba neno hilo. Kwenye kibali chake cha kuishi, alichokifuata kila baada ya miaka miwili kwenye dirisha ambalo hata salamu hairudishwi. Kwenye fomu ya kazi. Kwenye fomu ya shule.

"Mwezi mzima ule," karani alisema, akipekua mbele na nyuma, "mwenye hii nyekundu ni wewe peke yako. Hakuna atakayesema ni mtu mwingine mwenye jina lako."

"Kumbe wamenisaidia," dobi alisema.

Karani alikohoa kidogo, akatoa nakala, akaigonga muhuri mara tatu.

*

Ofisi ya Katibu ilikuwa na viti vya ngozi kwa wageni wake na benchi la ubao kwa wazazi. Dobi alikaa kwenye benchi tangu saa tatu mpaka saa sita, chini ya kabati la makombe ambayo mengi yake ni ya kuanzia enzi ambazo yeye hajaolewa. Msichana wa mapokezi alipita mara nne bila kumtazama usoni. Mara ya tano akamletea maji.

Katibu aliisoma nakala ile akiwa amesimama. Halafu akaketi, na akacheka, kicheko cha kirafiki kabisa.

"Mama, nina miaka kumi na tano kwenye kiti hiki. Kila mzazi anayeingia mlango huo amekuja kupunguza umri wa mwanawe. Nilidhani nimeona vyote."

"Sipunguzi. Uliopunguzwa ni ukweli. Mimi ndiye niliyemzaa, nilikuwepo."

"Na mimi nina pasipoti yake. Serikali imesema, mimi ni nani niibishie?" Aliirudishia nakala mkunjo wake. "Tumempa binti yako heshima ambayo wenzake wanaililia. Amevaa jezi ya taifa. Mngeshukuru, mama."

"Tumeshukuru. Tulipiga vigelegele. Mtamwita lini tena?"

"Hayo ni ya kocha."

"Kocha hapatikani, na meneja wake hapokei simu. Naomba nikuulize neno moja tu, bwana Katibu. Mwaka huu mmewakatia keki wachezaji wangapi?"

Katibu alivuta kalenda ya mezani, akaisogeza, akairudisha ilipokuwa.

"Sikia, mama," alisema, na sasa sauti ilikuwa ya chini, ya mtu na mtu. "Karatasi hii ukiipeleka mbele, utakuwa unasema cheti kile ni cha uongo. Kuna mtu alikidanganyia. Na wewe ulikitumia kwenye maombi yako ya kibali, kila mara, miaka yote. Kibali chako kinaisha lini?"

Hasira zilimpanda dobi mpaka akaona kabati la makombe linayumba. Alitamani kuliangusha. Badala yake alichukua nakala yake mezani, akaitia kwenye mfuko wa plastiki aliokuja nao ili isiloe mvua, akaaga kwa heshima zote. Watu wa namna hii hupenda ukipiga kelele, wapate cha kumwambia mlinzi.

*

Nyumbani, fundi vioo aliweka chini kisu chake cha almasi.

"Nitakwenda mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia karani ule mwaka. Kama ni kufungwa, nifungwe."

"Ukifungwa, hii nyumba inakula nini? Vioo nitakata mimi?"

"Sasa ufanyeje?"

"Nitakula kiapo kwamba ni mimi niliyekwenda. Karani wa cheti ameshakufa, nani atabisha? Wewe hujui lolote. Ulikuwa kazini."

"Watakutoa nchini."

"Miaka ishirini na mbili wananitingishia hicho kibali usoni. Waache wakichukue, angalau nijue ni kwa kosa gani."

"Na mimi siulizwi?" Sumaku alisema.

Alikuwa mlangoni, ametoka mazoezini, matope mpaka mapajani. Dobi alitaka kumwambia akaoge, akaacha.

"Mimi sikutaka kwenda kokote," Sumaku alisema. "Nimezaliwa hapa. Mpira nimefundishwa na Mwalimu, kwenye kiwanja kile cha vumbi. Kama wangeniweka golini, hata mara moja, mechi nzima, nifungwe mabao sita, nikaonekana sifai, ningesema sawa. Mjomba angenisamehe." Alivua kiatu, akakigonga ukutani, tope likadondoka. "Unajua kinachoniuma, mama? Nilifurahi. Nilipoitwa nivue fulana ya juu, nilifurahi mpaka nikasahau glavu moja benchi, nikarudi mbio kuichukua. Yule kocha alinipiga begani, akaniambia, 'Haya, nenda kafurahi.' Alikuwa anajua. Wote pale benchi walikuwa wanajua, isipokuwa mimi."

Mama yake alimtazama mtoto huyu mrefu, mwenye mabega ya baba yake. Kumpiga mtu teke ni jambo moja. Kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, ukamwimbia, ukamlisha keki, ukangoja acheke ndipo ufunge mlango, hilo alikuwa hajawahi kuliona katika maisha yake yote ya mgeni.

"Kesho nakwenda kwa wakili," alisema. "Kaoge."

*

Alikula kiapo Jumanne, mbele ya wakili kijana aliyemsomea kila sentensi mara mbili. Kwamba ni yeye, mama mzazi, aliyetoa mwaka usio sahihi. Kwamba baba hakujua. Akatia sahihi, akatia na dole gumba. Karatasi hazikupita kwa Katibu. Zilipelekwa ng'ambo kwa mjomba, na shirikisho la huko likazipeleka juu, kwa wenye kanuni za dunia. Mwalimu aliandika barua ya kurasa nne. Karani wa kumbukumbu aliapa juu ya daftari lake, akakohoa muda wote wa kuapa.

Baada ya miezi mitatu dobi alikwenda kwenye dirisha la vibali kama kawaida yake. Mwanamke wa dirishani hakuitikia salamu, kama kawaida yake. Alipekua faili, akatoa barua iliyokuwa tayari imeshachapwa, akaisukuma chini ya kioo.

"Maombi yamekataliwa. Taarifa za uongo. Una siku mia na ishirini."

"Nani aliwaambia?" dobi akauliza, ingawa alijua.

"Anayefuata."

Hospitalini walimwambia amalizie mwezi. Mkuu wa dobi alisema wataona namna, kisha hakuona namna. Sare yake alitakiwa kuirudisha ikiwa safi, naye aliifua kwa mikono, akaipiga pasi, akaikabidhi kwa mtu ambaye hakuikunjua kuitazama.

Jibu la juu lilikuja wiki mbili kabla siku zake hazijaisha. Mwalimu alilisoma kwa sauti kwenye meza ya vioo. Ushahidi wa hospitali umekubaliwa. Mwaka sahihi umekubaliwa. Mchezaji alikuwa na miaka ishirini siku ya mechi, na anaruhusiwa kubadilisha. Fundi vioo akapiga kofi moja la nguvu, Sumaku akasimama, na Mwalimu akainua mkono.

"Kuanzia itakapotimia miaka mitatu tangu mechi ile," alimalizia. "Niliwaambia, siku ile."

Walihesabu. Umepita karibu mwaka mmoja. Imebaki miwili na siku kadhaa. Mashindano makubwa yatakuja na kupita, na Sumaku atakuwa klabuni kwake, kwenye kiwanja cha vumbi, hana timu ya taifa hata moja. Fundi vioo alikaa chini taratibu. Mwalimu alisema miaka miwili kwa kipa si kitu, makipa huiva wakishafika thelathini, na alikuwa anasema kweli, lakini hakuna aliyemsikiliza.

"Wameshinda," Sumaku alisema.

"Bado," mama yake akasema.

*

Siku yake ya mwisho kabla ya kuondoka iliangukia siku aliyomzaa Sumaku. Hakuipanga hivyo, waliipanga watu wa dirishani, kwa kuhesabu siku mia na ishirini. Asubuhi alikwenda duka la keki, akanunua ya ghorofa mbili, yenye sukari nyeupe. Muuzaji akauliza aandike nini juu. Akasema asiandike kitu.

Kwenye mapokezi ya shirikisho aliweka boksi juu ya meza, akalifunua, akaanza kuchomeka mishumaa mmoja mmoja. Mlinzi alikuja kuuliza ni sherehe ya nani. Msichana wa mapokezi alikuwa amesimama, mkono mdomoni.

"Ni ileile," msichana alisema.

"Unaijua?"

"Mimi ndiye niliyetumwa kuinunua ile ya mwaka jana." Alitazama mlango wa Katibu, akashusha sauti. "Waliniambia nihakikishe ni Jumatano, isiwe kabla. Kuna mtu alikuwa ameshaizungushia duara kwenye kalenda. Nikadhani wanampenda sana."

"Hata mimi," dobi alisema. "Una kiberiti?"

Msichana alitoa kiberiti kwenye droo, wakawasha wote wawili, mmoja huku, mwingine huku, na mlinzi akasogea kukinga upepo wa feni kwa kofia yake. Kisha msichana akaufungua mlango wa Katibu bila kubisha.

Katibu alikuwa na wageni wawili kwenye viti vya ngozi. Dobi alipita katikati yao, akaiweka keki mezani, juu ya karatasi zake, na moto ukamulika tai yake. Wageni wakaanza kutabasamu, wakidhani ni ya bosi wao.

"Mama, nina kikao," alisema Katibu.

"Sichukui muda. Mwaka jana mlimkatia mwanangu keki ya ishirini na moja, mkaikata mapema. Leo ndio anatimiza. Imeandikwa mpaka huko juu, na wewe nakala umeletewa. Nimekuja uizime mwenyewe."

"Tafadhali, mama. Mimi nilifuata kanuni."

"Na mimi nimezifuata. Ndiyo maana kesho naondoka. Zima."

Wageni waliacha kutabasamu. Nta ilikuwa imeanza kuchuruzika juu ya sukari nyeupe, ikateremka ghorofa ya kwanza, ikadondokea barua fulani yenye nembo ya shirikisho. Katibu alimtazama mlinzi mlangoni. Mlinzi alikuwa anakagua kofia yake. Alimtazama msichana wa mapokezi, na yule alimrudishia macho bila kupepesa. Dobi alisimama, mikono tumboni, akingoja, namna alivyongoja kwenye madirisha kwa miaka ishirini na mbili. Kungoja alikuwa anakujua kuliko mtu yeyote ndani ya chumba kile.

Katibu akainama, akapuliza. Mishumaa sita ikabaki. Akapuliza tena, na moshi ukamrudia usoni akakohoa.

"Haya," alisema, akijifuta jicho. "Basi tukate?"

"Hapana," dobi alisema. "Hii mlikuwa mnatakiwa kuiona tu."

Akang'oa mishumaa yote ishirini na moja, akaipanga mbele yake juu ya kalenda ya mezani. Akaifunika keki kwenye boksi lake, akaibeba kwa mikono miwili, akatoka. Msichana wa mapokezi akamfungulia mlango wa nje na kumwambia safari njema, mama, na mlinzi akasimama wima mpaka alipokata kona.

Alipofika nyumbani Sumaku alikuwa ameshaoga. Begi la dobi lilikuwa tayari limefungwa, limesimama kando ya mlango, na fundi vioo alikuwa ameisafisha meza yake ya kukatia na kuondoa vipande vyote vya vioo. Alikuwa ametoa kisu na sahani tatu.